Jino la Kasulu

Kitu cha kwanza alichoniuliza Konsolata, mdogo wake marehemu Adela, kabla hata sijavua viatu, ni kama jino langu lilipona. Nilikuwa nimetoka Morogoro na kufika Kibondo siku moja baada ya mazishi, na njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine kabisa: kwa nini nimechelewa, kwa nini miaka yote hii sikuonekana, kwa nini simu zangu zilikuwa za sikukuu hadi sikukuu. Hilo la jino sikulitegemea. Wanawake wawili waliokuwa wakisugua masufuria ya msibani pale uani waliinua vichwa. "Ndiye huyu mwalimu wa jino?" mmoja akauliza. Konsolata akasema ndiye, na wote watatu wakacheka kile kicheko kidogo cha msibani ambacho mtu hukifunika kwa kanga. Na mimi nikacheka. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kwenye mkeka, maana viti vyote vilikuwa bado nje chini ya turubai, nikalia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua.

Sikuwa na jino bovu. Sijawahi kuwa nalo hadi leo hii, katika umri ambao wenzangu wengi wameshaanza kung'olewa. Lakini mwaka ule, nikiwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Kibondo, nilikuwa na jino lililoniuma kila baada ya wiki mbili na lililokubali kutibiwa Kasulu tu. Nililibuni mwenyewe, nikalitunza, nikalipa tabia zake. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Mara moja lilihamia kulia kwa kusahau kwangu, na Adela akaniangalia kidogo, akasema maumivu ya jino kweli huwa yanatembea.

Tulipanga nyumba moja, Adela na mimi, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta usiofika juu. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo ukuta ule ulizuia macho tu. Sauti, moshi wa mkaa na harufu ya mawese vilivuka vilivyotaka. Asubuhi aliniamkia kutoka upande wake, "Mwakeye, Mwalimu!" na mimi, mtu wa pwani ambaye sikuwahi kumiliki sweta kabla ya kupangiwa Kibondo, nilimjibu "Mwakeye, Dada" nikiwa ndani ya mablanketi mawili. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi. Kwao ni Munanila, huko mpakani, na alikuwa akiishi peke yake kwa sababu ambazo sikuzijua na sikuziuliza. Jioni tulikula pamoja kwenye kibaraza cha nyuma, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, au sombe, yaani kisamvu, na dagaa wa Kigoma wakipatikana. Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, alininunulia sufuria yangu peke yake, akaitia alama ya msumari kwenye mfuniko, ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba hakuna haja. "Ni ya kwako," alisema, "mgeni lazima awe na chake." Nimekaa kwenye nyumba nyingi tangu siku hizo na sijawahi tena kuwa na sufuria yenye alama.

Kazini Adela alikuwa katibu muhtasi wa shule, na kwa shule kama yetu maana yake ni kwamba alikuwa mlango wa kila kitu. Ufunguo wa sanduku la posta alikuwa nao yeye, na barua zetu sote zilipitia mikononi mwake. Simu ya mkononi ya shule, yenye namba iliyoandikwa juu ya kila barua, ilikaa kwenye droo yake ya kulia. Na mbele yake, juu ya meza, siku zote kulikuwa na rejesta kubwa yenye jalada jeusi ambamo barua yoyote iliyotoka shuleni iliandikwa: tarehe, inakwenda kwa nani, inahusu nini, na kumbukumbu namba. Mkuu wa shule mwenyewe hakuthubutu kutoa barua bila kumpitia. Aliwahi kumrudisha afisa mmoja mlangoni kwa sababu barua yake haikuwa na namba. Alimwambia hiyo ni karatasi tu, hata kama ina muhuri. Tulimcheka sana katika ofisi ya walimu, lakini hakuna barua ya shule ile iliyowahi kupotea.

Februari ya mwaka ule nilikwenda Kasulu kwenye semina ya walimu wa sayansi, na wakati wa mapumziko nikaingia kwenye steshenari moja iliyokuwa na intaneti. Mwenye duka, Dada Neema, aliniambia nisubiri, mtandao unazingua. Nilisubiri hadi chai ya semina ikanipita. Barua pepe ilipofunguka nilikuta nimekubaliwa kwenda kusoma shahada ya pili kuhusu magonjwa ya muhogo, katika nchi ya baridi ambayo sikuwa na sababu yoyote ya kuijua, na kwamba gharama zote zitalipwa. Nilichotakiwa kufanya ni kupata viza kabla ya Septemba. Niliisoma mara tatu, nikamwomba Dada Neema anichapishie, kisha nikaikunja na kuiweka ndani ya blauzi. Basi la kurudi lilisimama Makere, mahali ambapo akina mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi huwa wanauza vitenge, na mmoja alikuwa akimwuliza mwenzake dirishani kwangu, "Dossier yenu ilifika wapi?" Mwenzake akajibu, "Ingali ku Nairobi, maman, tunangoja tu." Walikuwa wakingoja kwenda Amerika, na walilizungumza jambo hilo kwa sauti, mbele ya watu, huku wakikunja vitambaa. Niliwaonea wivu bila kujua kwa nini.

Kwetu safari ya ng'ambo haitangazwi. Mtu akikuuliza, unasema mambo bado. Unanyamaza mpaka umekaa kwenye kiti cha ndege na umefunga mkanda, ndipo unawatumia watu ujumbe. Sababu tunayoisema ni husuda, kwamba kuna macho yatakayoikalia safari yako. Lakini pale shuleni tulikuwa na mfano ulionitisha zaidi ya husuda. Kabla sijafika, mwalimu mmoja wa Jiografia alichinja mbuzi kuaga, wakala, wakacheza, halafu viza ikakataliwa. Walimwita Mzungu mpaka alipoomba uhamisho. Nilisikia habari zake ofisini karibu kila wiki, kila mara mtu akiongeza chumvi, safari hii mbuzi wawili, safari hii na bendi. Kwa hiyo nilimwambia mkuu wa shule peke yake, kwa kuwa sikuwa na jinsi, na nilimwomba kwa jina la Mungu asimwambie mtu.

Adela naye nilimficha. Ilinichukua miaka kukiri sababu yake, maana Adela hakuwa na husuda wala hakuwa mtu wa kumwita mtu Mzungu. Nilimficha kwa kuwa nilijua atafurahi. Nilijua angepiga makofi yale ya salamu za Kiha, angesema "Mama we!", kisha angenyamaza na kutazama chakula, na mimi ningelazimika kuketi pale nikimwangalia mtu aliyeelewa kwamba anaachwa. Sikuwa na moyo wa kuiona sura ile. Jino lilikuwa rahisi zaidi.

Na hivyo nikaanza kusafiri. Kila Jumamosi ya pili nilipanda basi, nikala vumbi hadi Kasulu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha Dada Neema nikijaza fomu ambazo ziliuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote: nimewahi kwenda wapi, nina nini cha kunirudisha nyumbani, nani atathibitisha kwamba mimi ni mimi. Mtandao ukikatika, fomu ilirudi mwanzo. Picha yangu ilikataliwa mara mbili kwa sababu ya kivuli. Jioni nilirudi Kibondo nimejaa vumbi jekundu hadi kope, na Adela alikuwa ameshanipikia uji. Uji, kwa sababu ya jino. Sikuweza kutafuna, si ndivyo nilivyosema? Yeye alikula ugali na maharage, na mimi, nikiwa sijala tangu asubuhi, nilikunywa uji wa mtama nikitazama maharage yale, huku akinihurumia. Aliweka karafuu kwenye kikaratasi, akanifundisha kuibana mahali panapouma. Aliniletea maji ya chumvi ya vuguvugu. Nilisukutua mbele yake, kwa adabu, nikatema uani. "Pole, Mwalimu," alisema. "Hao wa Kasulu wanalichezea tu hilo jino."

Ubalozi ulitaka barua ya mwajiri inayosema kwamba ninafanya kazi hapo, nimeruhusiwa kwenda masomoni na nafasi yangu itanisubiri. Mkuu wa shule alikuwa tayari kuisaini. Lakini barua ikichapwa shuleni, itachapwa na Adela. Basi nikaichapa mwenyewe Kasulu, juu ya karatasi yenye jina la shule niliyoichomoa kwenye kabati, na nilipofika kwenye mstari wa kumbukumbu namba nikasimama. Barua bila namba ilionekana uchi. Dada Neema, aliyekuwa akinisubiri nimpishe mteja mwingine, akasema, "Si uweke tu yoyote, dada? Nani ataangalia?" Nikaweka namba iliyofanana na zile nilizokuwa nikiziona kwenye matangazo ya ubaoni. Mkuu akasaini na kugonga muhuri, vyote vya kweli, akanitakia heri. Nilimwambia Adela kwamba jino limeshindikana Kasulu na nimepewa rufaa ya Dar es Salaam. Huko nikaenda ubalozini, nikaweka vidole kwenye mashine, nikaacha karatasi zangu zote kwa dada mmoja aliyevaa glavu, nikarudi.

Wiki za kusubiri sitazisahau. Nilifundisha usanisinuru huku nikijiuliza kama niliandika tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio unaotakiwa. Niliacha kula vizuri, na kila mtu alidhani ni jino. Jambo baya zaidi lilikuwa ule ukuta. Nilikuwa nimelala mita mbili kutoka kwa mtu aliyenipenda, nasikia hata anavyogeuka kitandani, na siwezi kusema kitu kimoja kilichokuwa kichwani mwangu. Sijawahi kuwa mpweke vile hata katika nchi ya baridi, ambako baadaye nilipitisha Jumapili nzima bila kusalimiwa na mtu.

Bahasha ilikuja Juni, kwa basi, ikapokelewa na Dada Neema kama nilivyoelekeza. Niliifungulia hapo hapo dukani. Viza ilikuwa imekataliwa. Sababu ilikuwa moja, imeandikwa kwa lugha safi isiyo na hasira: walipiga simu kwa mwajiri kuhakiki barua yangu, na mwajiri hakuitambua. Nilijua simu ya shule inakaa droo gani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia Adela, na hakuna hata moja lililokuwa la kuomba radhi.

Nilimkuta kibarazani akichambua maharage kwenye ungo, uji wangu ukiwa umefunikwa pembeni. Sikukaa. Nikamwuliza kama kuna watu walipiga simu shuleni kuniulizia.

"Ego, walipiga," akasema, bila wasiwasi wowote. "Wiki tatu zimepita. Mkuu alikuwa Kigoma kwenye mkutano. Mama mmoja, Kiswahili chake kama cha redioni. Ananiuliza barua, namba fulani. Nikafungua rejesta. Namba ile ni barua ya mahindi, ile ya chakula cha wanafunzi. Nikamwambia, mama, hii barua unayoisema haikutoka kwetu. Hawa ni matapeli tu, Mwalimu, siku hizi wamejaa. Wanachukua majina ya watumishi."

"Na ukamwambia nini kingine?"

"Aliniuliza kama Mwalimu Rehema ana safari ya kwenda masomoni nje." Akacheka kidogo. "Nikamwambia oya, hapana, hana. Angekuwa na safari, mimi ningekuwa wa kwanza kujua."

Nilimtupia ile barua kwenye ungo, juu ya maharage. Nilimwambia ameniharibia maisha. Nilisema mengine ambayo sitayaandika hapa, kuhusu watu wanaojifanya wenye ofisi, na kuhusu yeye kuishi peke yake. Aliisoma barua ile polepole, midomo ikitembea, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuchapa zaidi kuliko cha kusoma. Alipomaliza aliifuta vumbi la maharage kwa kiganja, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo jino haliumi?"

"Haliumi."

"Halijawahi kuuma?"

Akachukua uji wangu, akaumwagia kuku wa jirani, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hatukusemeshana karibu mwezi mzima. Mablanketi mawili hayakutosha Julai ile. Asubuhi hakuna aliyeniamkia kutoka ng'ambo ya ukuta. Nilisikia akipunguza redio ili isinifikie, adabu ya mtu anayeishi na mgeni. Nilipika kwenye sufuria yangu ya alama, nikala nimesimama. Mara mbili nilimsikia akianza kuimba, kisha akikumbuka, akinyamaza. Nilijua kosa ni langu tangu siku ya kwanza. Kulijua hakukunisaidia kutamka neno, kwa kuwa ningeanza na lipi? Nilikuwa nimemdanganya mtu kwa miezi mitano, na yeye alikuwa amesema ukweli kwa dakika mbili.

Siku moja saa za chai alimtuma mwanafunzi aniite ofisini. Nilikuta ameshaweka karatasi kwenye mashine ya kuchapa. "Kaa, Mwalimu," akasema, kwa sauti yake ya kazi. "Barua inakwenda kwa nani?" Nikamtajia. "Inahusu nini?" Nikasema: inahusu ruhusa ya kwenda masomoni nje ya nchi kwa miaka miwili. Alichapa yote bila kuniangalia. Aliniuliza tarehe ya kuondoka, akaichapa. Aliniuliza tarehe ya kurudi, akaichapa. Kisha akafungua rejesta, akaandika mstari wangu kwa ile kalamu yake ya bluu, akaigeuza nione. "Namba hii ni yako. Sasa wakipiga, nitaiona."

Niliomba viza upya, na tangu siku ile Adela hakuiacha tena simu ya shule kwenye droo. Aliibeba. Aliibeba sokoni, aliibeba kisimani imefungwa kwenye kona ya kitenge, akala nayo imekaa mapajani. Tulikuwa tumeanza tena kula pamoja, kimya kimya, maharage tupu. Ikamlilia Jumapili ya Agosti, katikati ya misa. Walioshuhudia walisimulia kwamba alitoka mbio kanisani padri akiwa anahubiri, akasimama nje kwenye jua na kuongea kwa sauti ya juu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto, kumbukumbu namba na yote, mpaka padri akanyamaza kumsubiri. Mchana alinikuta nafua.

"Wamepiga," akasema. "Eti hata Jumapili wako kazini. Nimewasomea namba. Niliishika kichwani."

"Wameuliza nini?"

"Wameuliza kama utarudi." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Nimesema atarudi."

"Umejuaje, Dada?"

"Sijui," akasema. "Nimesema tu." Mtu ambaye hakuwahi kuandika mstari mmoja wa uongo kwenye rejesta ile.

Viza ilitoka. Niliondoka Septemba, asubuhi ya baridi, na Adela akanisindikiza hadi stendi akiwa amebeba ile sufuria imefungwa kwenye gazeti. Nilimwambia haiwezi kuingia kwenye mzigo. Akasema sawa, itakaa hapa, nitaikuta. Nilisoma, nikamaliza, nikarudi nchini kama alivyosema. Lakini nilirudi Morogoro, kwenye kituo cha utafiti, si Kibondo. Nilimtembelea mara moja, siku mbili, nikiwa na haraka. Alipika kwenye sufuria yangu. Baada ya hapo zilikuwa simu za Idi na Krismasi, na kila mara nilimwuliza, "Hujambo, Dada? Afya?" na kila mara alinijibu, "Mzima kabisa, Mwalimu. Jino je?"

Konsolata alinieleza yote juzi, tukiwa kwenye mkeka, akinisukumia sahani ya ugali. Adela aliugua mwaka mzima. Kila mwezi alikwenda hospitali, na majirani aliwaambia anakwenda Munanila kuona shamba. "Tulitaka kukupigia," Konsolata akasema. "Akakataza. Alisema mpaka apone kwanza, ndipo uambiwe." Nilitafuna, nikameza, sikuweza kumtazama. Sikumwambia kitu ambacho sijamwambia mtu mpaka sasa. Wiki chache kabla, mkuu wetu wa shule wa zamani, ambaye amestaafu na anaishi Bukoba, alinipigia kunisalimia. Tulizungumza habari za mvua na za wajukuu wake, halafu akaniuliza kama ni kweli aliyoyasikia, kwamba Adela ni mgonjwa sana. Nikacheka. Nilikuwa na uhakika kabisa.

"Hapana, Mkuu," nikamwambia. "Adela ni mzima. Angekuwa anaumwa, mimi ningekuwa wa kwanza kujua."